Ukimbizi ni nomino dhahania: habari za mchoraji Julie Mehretu

Nimepotea kidogo humu, si mnajua tena mambo ya test na semina za saa moja asubuhi. Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kantini. Leo nina historia, tena historia ya mchoraji. Msikimbie jamani, kaeni chini, itanoga.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunazijua nomino dhahania, zile za vitu ambavyo huwezi kuvishika wala kuvipiga picha: upendo, woga, uhuru, uzee. Na ukimbizi nao umo. Mkimbizi unaweza kumwona, ukamsalimia, ukamuuzia ndizi. Lakini ukimbizi wenyewe, ile hali, nani ameuona? Ukiambiwa uuchore, utachora nini? Wengi wetu tutachora mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Hapo umemchora mkimbizi. Ukimbizi bado uko palepale, haujachorwa.

Kuna mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 25 amekuwa akihangaika na kazi ya namna hiyo: kuchora kuhama kwenyewe, miji inayojengwa na kubomoka, umati unaokusanyika na kutawanyika, bila kuchora sura ya mtu hata mmoja. Anaitwa Julie Mehretu. Amezaliwa Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1970, na kazi zake anazifanyia New York. Nimeamua kumwandika kwa sababu mimi ni mtoto wa Kasulu, na Kasulu tulikuwa na Mtabila. Wa Kigoma mmeshanielewa. Wengine nendeni nami taratibu, tutafika huko.

KWANZA, DHAHANIA NI NINI KATIKA UCHORAJI?

Hapa Tanzania ukitaja picha ya kuchora, mtu anawaza Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vibao vya mraba na kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kabla yake tulikuwa na Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na baadaye akatuwakilisha London kama balozi baada ya uhuru. Ntiro alichora watu wakilima, wakijenga, wakienda harusini. Hao wote ukiangalia picha zao unajua mara moja: huyu chui, hii migomba, yule bibi anatwanga.

Mchoraji wa dhahania hakupi chui. Anakupa mstari, rangi, uzito, mwendo. Ndiyo maana watu wengi wakisimama mbele ya picha kama hizo wanasema "hata mdogo wangu wa chekechea anaweza." Lakini fikiria biti ya muziki kabla msanii hajaingiza mashairi. Hakuna neno hata moja, na bado unajua kama ni ya kucheza, ya kulia au ya kutembea nayo usiku peke yako. Hakuna anayeuliza "biti hii ni picha ya nini?" Unasikiliza inafanya nini. Picha dhahania nayo uiendee hivyohivyo.

KUTOKA ADDIS ABABA

Baba yake Mehretu ni Mwethiopia, mwalimu wa jiografia wa chuo kikuu. Mama yake ni Mmarekani, mwalimu wa watoto wadogo kwa mfumo wa Montessori. Yaani nyumba nzima ni walimu, wenzetu kabisa.

Mwaka 1974 Mfalme Haile Selassie alipinduliwa na kamati ya wanajeshi iliyojulikana kama Derg. Mapema mwaka 1977 Mengistu Haile Mariam akashika hatamu zote, na kikaja kile kipindi kinachoitwa Ugaidi Mwekundu. Vijana wengi waliuawa, wakiwemo wanafunzi kama mimi na wewe. Mwaka huohuo familia ya Mehretu iliondoka na kwenda East Lansing, jimbo la Michigan, Marekani, ambako baba alipata kazi ya kufundisha chuo kikuu. Julie alikuwa na umri wa mtoto wa darasa la kwanza.

Huko akakua, akasoma Kalamazoo College na kumaliza mwaka 1992. Katikati ya masomo hayo alirudi Afrika kusoma Dakar, Senegal, katika Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop. Baadaye akachukua shahada ya uzamili ya sanaa katika Rhode Island School of Design, akahitimu mwaka 1997. Kisha akaenda Houston, Texas, kwenye programu ya wasanii chipukizi, mpaka 1999.

Kipindi hicho ndipo alipopata alfabeti yake. Alikuwa anachora alama ndogondogo kwa wino: nukta, mikwaju, vijimishale, mawingu madogo. Kila alama aliichukulia kama mhusika. Alama zinaishi pamoja, zinajenga mji, zinahama, zinapigana, nyingine zinamezwa. Halafu akaanza kujiuliza: wahusika hawa wanaishi wapi? Ndipo akaingiza ramani na michoro ya majengo, ile ya wasanifu: viwanja vya ndege, viwanja vya michezo, kuta za miji ya kale, medani za mikutano.

Jinsi anavyofanya ni hivi. Anachora tabaka la kwanza, analifunika kwa rangi angavu isiyo na rangi, kama kioo, analisugua kwa msasa mpaka linakuwa laini, kisha anachora tabaka jingine juu yake. Anarudia tena na tena. Ukiwa mbali unaona kitu kama vumbi au moshi juu ya mji. Ukisogea unaona nguzo, ngazi na madirisha yaliyochorwa kwa mstari mwembamba ulionyooka. Ukisogea zaidi unaona vile vialama vya wino vikikimbia, vikivuka kuta bila kibali cha mtu. Cha chini hakifutiki. Kinafunikwa tu, na bado unakiona.

KUPANDA JUKWAANI

Mwaka 1999 alihamia New York, na miaka iliyofuata mambo yakaenda kasi. Mwaka 2001 alichora kazi kubwa aliyoijengea juu ya michoro ya viwanja vya ndege, ikaitwa Retopistics: A Renegade Excavation. Mwaka 2004, wakati vita vya Iraq vinaendelea, akatoa picha tatu zinazoitwa Stadia. Ni uwanja wa michezo wenye bendera zilizosambaratika na rangi zinazorukaruka. Sisi wa Simba na Yanga tunalielewa hilo bila mkalimani. Uwanjani ndipo watu elfu sitini wanakuwa kitu kimoja. Uwanjani pia ndipo watawala wanapopenda kuwakusanya watu. Umati wa kushangilia na umati wa ghasia, kwa mbali vinafanana.

Mwaka 2005 alipewa tuzo ya MacArthur, ambayo wakati huo ilikuwa dola 500,000 anazolipwa mtu kwa awamu bila kuulizwa atazifanyia nini. (Wadau wa Bodi ya Mikopo, pumueni.) Baadaye akafanya kazi Berlin, mji uliobomolewa na vita na kugawanywa kwa ukuta, na matokeo yake ni mfululizo uitwao Grey Area, ulioonyeshwa hukohuko Berlin mwaka 2009.

Mwaka huo wa 2009 alikamilisha pia picha inayoitwa Mural, iliyopo ukumbi wa kuingilia makao makuu ya benki ya Goldman Sachs, New York. Ina urefu wa karibu mita 24 na kimo cha mita 7, na iliripotiwa kuwa benki ilitoa dola milioni 5 kwa kazi hiyo. Ndani yake kuna ramani za biashara na sura za majengo ya fedha ya enzi mbalimbali. Sasa kumbukeni, hiyo ndiyo miaka ya mtikisiko wa uchumi wa dunia, watu wanapoteza nyumba na kazi, na mabenki makubwa ndiyo yanayonyooshewa kidole. Wapo walioona si sawa msanii kupamba ukuta wa benki wakati kama huo. Wengine wakasema historia ya fedha mahali pake pa kuchorwa ni palepale fedha zilipo, na picha yenyewe inaonekana kutoka barabarani. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, na ndiyo sababu nimeiweka hapa. Safari ya msanii mkubwa haiendi juu ya mawingu. Inapita benki, makumbusho na mnadani, kama ya kila mtu inavyopita sokoni.

2012: MEDANI YA CAIRO NA KAMBI YA MTABILA

Mwaka 2011 wananchi wa Misri walijaa Medani ya Tahrir, Cairo, mpaka Rais Hosni Mubarak akaondoka. Pembeni ya medani hiyo kuna jengo kubwa liitwalo Mogamma, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa jengo la ofisi za serikali. Ndiko watu walikopanga foleni kutafuta vibali na pasipoti. Mehretu akachora picha nne ndefu kuliko mlango wa godauni, akaziita Mogamma. Ndani yake kuna michoro ya majengo ya Tahrir ikiwa imechanganywa na ya medani za miji mingine, ikiwemo Medani ya Meskel ya kwao Addis Ababa. Picha hizo zilionyeshwa Kassel, Ujerumani, mwaka 2012, kwenye maonyesho yanayoitwa documenta.

Mwaka huohuo wa 2012, kwetu Kasulu, Mtabila ilifungwa.

Kwa wasiojua: Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kidemokrasia, aliuawa na wanajeshi. Vita vikaanza na watu wakavuka mpaka kwa malaki. Kigoma ikajaa kambi: Mtabila kule Kasulu, Nduta, Mtendeli na Kanembwa upande wa Kibondo, na Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Baada ya mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 na vita kupungua, watu wakaanza kurudi, na kambi za Warundi zikafungwa moja baada ya nyingine. Mtabila ilikuwa ya mwisho. Agosti 2012 hadhi ya ukimbizi iliondolewa kwa wengi wa waliokuwemo, na kufikia Desemba zaidi ya watu 30,000 walikuwa wamerudishwa Burundi. Wachache walioonekana bado wanahitaji ulinzi walihamishiwa Nyarugusu. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka misafara ya mabasi na malori, magodoro juu, na kuku.

Eneo lile baadaye likawa la JKT. Vijana wa kujitolea wanaokwenda Mtabila leo, kwao neno hilo ni mchakamchaka na jembe. Neno moja, tabaka mbili. Halafu mwaka 2015, baada ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, Warundi wakaanza kuvuka tena. Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa upya. Miongoni mwao walikuwemo watu ambao walishawahi kuwa wakimbizi hapahapa na kurudishwa.

Sasa mnaona kwa nini nilipoziona picha za Mehretu kwa mara ya kwanza, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nilihisi napajua mahali pale. Kambi kabla haijawa na watu huwa ni mchoro. Kuna mtu anakaa na rula anapanga: barabara hapa, zoni hii, bloku hii, bomba la maji pale, ghala la chakula kule. Kila kitu kimenyooka. Kisha watu wanaingia na kuanza kuandika juu ya mchoro ule kwa miguu yao. Kinatokea kichochoro ambacho hakikupangwa, kibanda cha chai, genge la nyanya, njia ya mkato kwenda mashambani kwa Waha kutafuta kibarua, kanisa, makaburi. Hata mpaka wenyewe ni mstari wa ramani. Ulitenganisha Tanganyika ya Waingereza na Ruanda-Urundi ya Wabelgiji, wakati Muha na Mrundi wakikutana kisimani kila mmoja anaongea lugha yake na wanaelewana. Mstari ulionyooka chini, alama zinazokimbia juu yake: hiyo ni Mehretu, na hiyo ni Mtabila.

KWA NINI HACHORI SURA?

Miaka ya karibuni ameacha kutegemea sana michoro ya majengo. Siku hizi anachukua picha za magazeti, za maandamano, moto, mafuriko, anazifanya ziwe na ukungu kwenye kompyuta mpaka hakuna mtu anayetambulika, kisha anachora juu ya ukungu ule. Mwaka 2017 zilizinduliwa picha mbili kubwa mno kwenye jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la San Francisco, ziitwazo HOWL, eon (I, II). Ni kubwa kiasi kwamba alizichorea ndani ya kanisa lililokuwa halitumiki tena, Harlem. Mwaka 2019 akachora Haka (and Riot), inayoanzia kwenye picha za vituo walikozuiliwa watoto wahamiaji nchini Marekani.

Hapo ndipo mimi huwa natulia. Picha ya mtoto mkimbizi tumeshaiona sote, yenye macho makubwa na bakuli mkononi. Mtoto yule hakuulizwa. Sura yake inazunguka dunia nzima, yeye mwenyewe hajui, na anayeitazama anamhurumia dakika moja kisha anafungua ukurasa mwingine. Mehretu anaifunika sura ile kwa ukungu. Anamwachia mtoto sura yake, na anatuachia sisi joto, msongamano, hofu ya mahali pale. Huwezi kumhurumia mtu kwa haraka ukaondoka, kwa sababu hujapewa mtu wa kumhurumia. Inabidi usimame ujiulize hapa pametokea nini.

Kuna swali ambalo mwenzangu wa chumbani, mtu wa Mbeya asiyependa maneno mengi, aliniuliza: "Sasa huyo ni mkimbizi gani, baba lekchara, mama Mmarekani?" Swali ni zuri. Mehretu hakupanga foleni ya mahindi ya msaada. Hakuishi kwenye bloku yenye namba. Kuondoka Addis Ababa mwaka 1977 ukiwa na mzazi mwenye kazi inayokusubiri, na kuvuka kwenda Kasulu usiku kwa miguu, si kitu kimoja, na tusivichanganye. Ila na yeye alitolewa mahali alipozaliwa na historia ambayo hakuitengeneza, na tangu hapo anarudia swali lilelile: historia kubwa inapopita, vinukta vidogo vinakwenda wapi? Swali hilo hata wa Mtabila wanalo. Tofauti ni nani amepewa wino na ukuta wa mita 24.

Na kuhusu pesa, najua mnasubiri. Oktoba 2023, Hong Kong, picha yake ya mwaka 2001 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 9. Mwezi uliofuata, New York, nyingine ya mwaka 2008 iitwayo Walkers With the Dawn and Morning ikafika dola milioni 10.7. Hazikuingia mfukoni mwake. Mnadani kule anayelipwa ni mwenye kuuza. Kwangu mimi tukio kubwa zaidi ni la 2024. Mehretu alitoa zaidi ya dola milioni 2 ili vijana wa miaka 25 kushuka chini waingie bure katika Makumbusho ya Whitney, yaleyale yaliyomfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake mwaka 2021. Mtoto wa mwalimu huyo, anajua mlango unavyomkatisha tamaa mwanafunzi.

SASA SISI WALIMU WATARAJIWA

Shuleni nilifundishwa Mkutano wa Berlin, Majimaji, Azimio la Arusha. Vyote muhimu. Lakini historia iliyopita mbele ya mlango wetu kwa karibu miaka 20 sikuwahi kuulizwa swali lake hata moja. Mtoto wa Kasulu anaweza kumaliza kidato cha nne anaijua tarehe ya kufungwa kwa Mkutano wa Berlin na haijui ya kufungwa kwa Mtabila.

Nikienda fildi mwaka huu, nikipangiwa historia, nimeshaandaa kipindi kimoja. Hakihitaji projekta wala umeme. Kila mwanafunzi anapewa karatasi na kuchora kwa rula ramani ya kijiji chake kama ofisa angeiona. Baadaye, kwa kalamu na bila rula, anachora juu yake mahali watu wanapopita kweli: njia za kisimani, za sokoni, za kukimbilia siku ya hatari. Anamwuliza bibi au babu nyumbani alama mbili tatu ambazo yeye hazijui, anaziongeza. Nyumba zilizobomolewa hazifutwi. Hakuna kuchora sura ya mtu. Halafu tunabandika zote ukutani tunaanza kuongea historia.

Nitawaletea habari ya namna kilivyokwenda. Kwa sasa acha nikapange foleni ya maji, yanatoka mpaka saa mbili tu. Mbaki salama wadau.